Fundi Anajibu: Gari ya umeme imelala na chaji asilimia 60, imeamka na 49

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wenzetu walioko kwenye theluji, Edmonton, Minneapolis, Columbus, Trondheim, na moja imetoka Makete, na hiyo ya Makete imenifurahisha sana maana wengi hawajui kwamba hata kwetu kuna sehemu majani yanaamka meupe kwa umande ulioganda. Nimezisoma zote na nimeona jambo moja linajirudia, watu wananunua kifaa kipya kabla hawajapima cha zamani, na hela inapotea bure. Twende taratibu.

Shikamoo Fundi. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku, hapa Edmonton. Mwezi wa tisa tulinunua gari ya umeme ya mtumba, betri yake kilowati-saa 40. Kazini ni kilomita 31 kwenda na 31 kurudi, na kipindi kile nilikuwa natoka na 85 narudi na 55 hivi. Sasa hivi ni digrii -28. Juzi nimetoka na 85, nimefika na 60, nimepaki nje, asubuhi nakuta 49, nimerudi nyumbani na 26 huku nimezima hita kabisa, nimevaa glavu mbili mbili na kioo kimejaa ukungu naona barabara kwa katundu kadogo. Mume wangu anasema tumeuziwa betri mbovu tuirudishe. Je betri imekufa? — Dada wa zamu ya usiku, Edmonton

Marahaba dada yangu, na pole sana. Kabla ya lolote, kesho usizime tena hita ya kioo. Hata ikila umeme kiasi gani, kuendesha unaangalia kwa katundu kwenye barafu ni hatari kuliko kuishiwa chaji.

Sasa betri. Kwa namba ulizoniandikia mimi siamini kwamba imekufa, namba zako ni za gari nzima iliyoko kwenye baridi mbaya. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari 5 ya umeme kwenye digrii -7, hita ikiwa imewashwa umbali ukapungua kwa wastani wa asilimia 41, hita ikizimwa ukapungua asilimia 12 tu. Hiyo ni -7 dada, wewe uko -28. Kwa hiyo safari iliyokula asilimia 30 mwezi wa tisa kula karibu mara mbili yake ni kitu cha kawaida kabisa, ingawa najua inatisha ukiwa barabarani peke yako alfajiri.

Umeme unakwenda wapi? Kwanza hita. Gari ya petroli injini yake inapoteza sehemu kubwa ya mafuta kama joto, hilo joto ndilo unaloota bure ndani. Mota ya umeme haipotezi hivyo, kwa hiyo joto lazima litengenezwe kwa umeme uleule wa kutembelea, na kwenye baridi kali hita inaweza kuvuta kilowati 4 au 5 dakika za mwanzo. Magari mengine yana pampu ya joto ambayo inatumia umeme kidogo zaidi, inasaidia sana kwenye baridi ya kati, lakini ukifika huko kwenye -25 inachoka na hita ya kawaida inaingia kazini. Pili, hewa ya baridi ni nzito. Hewa ya -28 ina uzito kama asilimia 20 zaidi ya ile ya siku ya joto, gari inaisukuma hiyo hewa njia nzima, halafu tairi zimekakamaa na upepo wake umepungua, pima upepo wiki hii maana kila baridi ikishuka digrii 5 au 6 unapoteza kama psi 1. Tatu, kemia ya betri yenyewe inakuwa nzito, na breki ile inayorudisha chaji ukiachia mguu karibu inagoma kabisa kwa sababu betri iliyopoa haitaki kupokea.

Na ile 60 kuwa 49 kwenye maegesho? Sehemu yake ni gari kujilinda, magari mengi yana hita ndogo ya betri inayowaka yenyewe baridi ikizidi, sehemu nyingine ni umeme ambao bado upo ndani ila betri ikiwa imeganda haiwezi kuutoa, kama asali ya kwenye chupa asubuhi ya baridi, ipo lakini haimiminiki. Ukiipasha, kiasi fulani kinarudi.

Kwa hiyo ufanye hivi. Ukirudi nyumbani asubuhi chomeka chaja palepale betri ikiwa bado ina joto la safari, usingoje jioni. Halafu kwenye mipangilio ya gari au kwenye simu weka saa ya kuondoka, mfano saa 4 usiku, na chaja iwe imechomekwa, gari itajipasha ndani, na kama ina mfumo wa kupasha betri nayo itapashwa, yote kwa umeme wa ukutani badala ya umeme wa safari. Siku za -25 kushuka chini jaza mpaka 95 au 100, zile nasaha za kuishia 80 ni za kulinda betri kwa miaka, siku moja moja za baridi kali haziidhuru, mradi unaondoka muda si mrefu ikijaa. Ukiwa ndani tumia joto la kiti na la usukani, kiti kinakula wati 50 mpaka 75 hivi, ukilinganisha na kilowati 4 za hita hicho ni kitu kidogo mno, kisha hita ya hewa iweke digrii 17 au 18 badala ya 22.

Kitu kikubwa zaidi ni hiki. Edmonton maegesho mengi yana zile nguzo zenye soketi za kupashia injini za petroli. Muulize meneja wako kama unaruhusiwa kuchomeka gari ya umeme, ongea naye vizuri, wengine wanakubali kwa malipo kidogo. Soketi hiyo ni volti 120, gari itavuta ampea 12, hiyo ni kama kilowati 1.4, kwa zamu ya saa 10 zimepita kilowati-saa 14. Hata kama nusu itaishia kuipasha betri, utatoka na chaji nyingi kuliko uliyoingia nayo na betri haitakuwa jiwe. Ila angalia mambo mawili, soketi nyingine zinawaka na kuzima zenyewe kwa vipindi ili kubana matumizi, na mara nyingi soketi mbili za nguzo moja ziko kwenye breka moja, jirani yako akiwa na hita ya injini mtaikata breka wote wawili mkose. Kama gari yako inaruhusu, punguza mvuto uwe ampea 8.

Na tafadhali ekstensheni. Mimi hapa Winnipeg mwaka wangu wa kwanza nilichukua ekstensheni nyembamba ya dukani, ile ya kuwashia taa za bustani, nikachajia gari usiku kucha. Saa 11 alfajiri nimesikia harufu ya plastiki mpaka chumbani, nimeshuka nikakuta plagi imekuwa rangi ya chai ya rangi na imelainika, ukiibonyeza inaacha alama ya kidole. Watoto walikuwa wamelala juu ya gereji ile. Kama ni lazima ekstensheni iwe nene, fupi, ya nje, na dakika 30 baada ya kuchomeka uishike plagi kwa mkono, ikiwa ya moto chomoa.

Kuhusu kuirudisha gari, mwambie shemeji asubiri kidogo. Nunueni kile kisomeo kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kinachoongea na simu kwa Bluetooth, bei yake si kubwa, kitawaonesha afya ya betri kwa asilimia na volti ya kila seli. Mpime betri ikiwa imepata joto, ndani ya gereji au mara tu baada ya safari ndefu. Ikisema 85 na seli zote ziko karibu karibu, mna gari nzuri. Ikisema 65, au seli moja imeachwa mbali na wenzake, hapo ndiyo mrudi kwa muuzaji mkiwa na karatasi mkononi.

Habari za kazi Fundi. Naendesha abiria wa kuita kwa simu, Minneapolis. Kila asubuhi saa 12 natoka nyumbani naenda chaja ya kasi iko mitaa mitatu tu, juzi nimekaa dakika 45 imetoka 20 mpaka 35, foleni nyuma watu wamenuna. Kiangazi muda huohuo nilikuwa naondoka na 80. Chaja zao mbovu au gari? — Dereva

Njema kaka. Kwa hayo uliyoeleza chaja ni nzima na gari ni nzima, saa uliyochagua ndiyo mbaya.

Betri ya lithiamu ikichajiwa, zile chembe za lithiamu zinatakiwa ziingie ndani ya grafaiti, ule upande wa betri unaozihifadhi. Kwenye baridi mlango unakuwa mwembamba. Umewahi kupanda daladala ya Mbagala jioni? Watu wakisukuma kuliko mlango unavyoweza kupitisha, wengine wanabaki wananing'inia nje. Ndivyo lithiamu inavyofanya, ikishindwa kuingia inajipaka juu kama chuma, na ile iliyojipaka sehemu yake hairudi tena, na ikizidi inaweza kuotesha vijisindano vinavyotoboa ndani na kuleta shoti. Kompyuta ya gari inajua hilo, kwa hiyo inakaba kwa makusudi, chaja inaweza kutoa kilowati 150 lakini gari inakubali 15 tu mpaka ijipashe. Inakulinda, usiichukie.

Wewe gari imelala nje usiku mzima, halafu mitaa mitatu haiwezi kupasha kitu. Geuza ratiba, chaji usiku ukimaliza abiria wa mwisho, betri imetembea kutwa ina joto, utashangaa tofauti. Pili, hata kama njia unaijua kwa macho yaliyofumba, iandike hiyo chaja kwenye ramani ya gari yenyewe dakika 30 au 40 kabla ya kufika, magari mengi ya sasa yakijua yanaenda kwenye chaja ya kasi yanaanza kuipasha betri njiani. Ukitumia ramani ya kwenye simu, mara nyingi gari haina habari. Januari 2024 pale Chicago baridi ilishuka chini ya -18, picha zikazunguka dunia nzima za magari ya umeme yamekwama kwenye foleni za chaja, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa ni hiyo, watu wamefika na betri baridi na chaji iko chini kabisa, kila mmoja akakaa muda mrefu kuliko kawaida, foleni ikaota mizizi. Kwa hiyo kipindi cha baridi usishuke chini ya 20, na kama betri yako ni ile ya aina ya chuma na fosfeti, LFP, ongeza tahadhari, hiyo ni imara na inadumu ila baridi inaiumiza zaidi ya zile nyingine.

Mambo Fundi! Niko Trondheim, nasoma na najifundisha vifaa vya nyumba janja. Nina Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inaendesha Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumba, inawasha chaja ya gari ya familia ninayoishi nayo saa 8 usiku bei ya umeme ikishuka. Nina sensa ya joto DS18B20 kwenye kibanda cha gari imeungwa na ESP32, kibodi kidogo chenye Wi-Fi. Matatizo: 1. sensa mara inasema 85, mara -127, nikiileta ndani inapona kabisa. 2. sensa ndogo ya mlango inatumia Zigbee, redio ya vifaa vidogo vya nyumbani, ikifika -15 inapotea. 3. wiki iliyopita Pi imezima yenyewe usiku, gari haikuchaji, baba mwenye nyumba ameamka na asilimia 9 na alikuwa na safari. Nimeaibika sana. — Mwanafunzi

Poa mdogo wangu. Pole kwa aibu hiyo, lakini maswali yako ndiyo yaliyonifanya nikalale usiku sana, nimeyapenda.

Hizo namba mbili si joto, ni ujumbe. 85 ni namba ambayo DS18B20 inakuwa nayo ikitoka tu kuwashwa, kabla haijapima. Ukiiona maana yake sensa ilikatika umeme kidogo ikawaka upya, au programu imesoma kabla haijamaliza kupima, kwa kipimo cha biti 12 inahitaji milisekunde 750. Na -127 ni programu inakwambia sensa siioni kabisa kwenye waya. Ukiweka hizo mbili pamoja na kile ulichosema kwamba ndani inapona, mimi naweka dau kwenye kiungo kilicholehemiwa vibaya. Metali ikipoa inasinyaa, kiungo kilichoshikilia kwa unywele kinaachia, ukileta ndani kinagusana tena. Usianze kununua sensa mpya. Chukua ESP32 na sensa yake, tia kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, toa waya wa umeme mdomoni mwa mfuko ufunge kwa utepe, weka kwenye friza ya nyumbani, nyingi ziko -18, saa moja, huku unaangalia namba kwenye simu. Ikianza kuleta 85, minya taratibu kiungo kimoja kimoja kwa kijiti cha mbao, ukigusa kile kibovu namba itaruka. Ukimaliza usifungue mfuko, uache upate joto la chumba kwanza, la sivyo unyevu wote wa jikoni utatua juu ya bodi kama jasho.

Angalia na resista ya kilo-ohmu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme, wengi wanaisahau, kwenye waya mfupi mezani inaweza kuonekana inafanya kazi, ukivuta mita 5 mpaka kibandani inakataa.

Sensa ya mlango, hiyo ni kibetri. Kile cha CR2032 kwenye baridi ukipima kwa maltimita utakuta volti 3 safi kabisa ukadhani kizima, lakini redio ikitaka kutuma ujumbe inavuta ghafla na volti inaanguka, sensa inazima. Tafuta sensa inayotumia betri za AA, na uweke AA za lithiamu zisizochajika, hizo zinafanya kazi mpaka -40. AA za kawaida za alkalini ndani yake ni maji maji, zikifika -20 hazina nguvu. Na usishawishike kuweka betri ya lithiamu ya kuchaji na kasola kadogo hapo nje, itachajiwa chini ya sifuri, soma tena habari ya daladala hapo juu.

Halafu kama kile kidude cha Zigbee umekichomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB la bluu la Pi, kitoe. USB 3 inapiga kelele kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Kiweke kwenye waya wa USB wa mita moja mbali na Pi na ruta, watu wanahangaika miezi kwa ajili ya hilo tu.

Sasa Pi. Andika vcgencmd get_throttled kwenye terminali. Ikijibu 0x0 umeme uko sawa tangu ilipowashwa. Ikijibu 0x50000 maana yake umeme uliwahi kushuka, 0x50005 unashuka hivi sasa unavyoandika. Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 3, wengi tunatumia chaja ya simu, nayo ikizidiwa volti zinashuka chini ya 4.63, Pi inalalamika, na ikizima katikati ya kuandika memori kadi inaharibika. Home Assistant inaandika andika usiku kucha, kadi ndogo haivumilii. Hamishia kwenye diski ya SSD ya USB, chaja iwe ya kwake, na nakala ya mfumo ihifadhiwe nje ya hiyo Pi, nakala iliyo kwenye kadi iliyokufa si nakala.

Ila hata ukifanya hayo yote, saa ya gari ya mtu usiiachie Pi peke yake. Weka ratiba kwenye gari yenyewe, ianze saa 9 usiku ije jua ije mvua, Pi iwe ya kuwahisha tu bei ikiwa nzuri. Na uweke ujumbe uende kwenye simu yako saa 10, kama gari haichaji simu ilie. Hapo Norway mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme, wanajua kuishi nayo, na ukienda kwa baba mwenye nyumba ukamweleza kilichoharibika na ulichorekebisha atakuamini kuliko ukikaa kimya.

Fundi, gari imekufa kabisa! Betri kubwa jana ilikuwa 70. Leo milango haifunguki kwa rimoti, dashibodi giza, hata chaja ukiichomeka haishtuki. Gari ina miaka 6. — Baba wawili, Columbus, Ohio

Kaka hiyo ni ile betri ndogo ya volti 12. Gari za umeme karibu zote zinayo bado, ndiyo inayoamsha kompyuta, kufuli na swichi kubwa inayounganisha betri kubwa. Ikilala, hizo asilimia 70 zimefungiwa ndani na ufunguo umepotea. Nyingi ni za risasi na asidi, kwenye -18 nguvu yake imebaki kama nusu, na ya miaka 6 imeshazeeka.

Fungua mlango kwa kile kijifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti. Pima, ikiwa nzima na imepumzika inasoma 12.6, chini ya 12 haina kitu. Iangalie kwa macho pia, betri ya asidi iliyoisha chaji inaweza kuganda, ikiwa imevimba au imepasuka usiibustie, yaani usiipe umeme wa nje ili kuiamsha, hata kidogo, inaweza kulipuka. Kama haijaganda buster ndogo inatosha kuiamsha, ikishaamka gari itaichaji yenyewe kutoka kwenye betri kubwa, ila usiishie hapo, badilisha wiki hiihii, na uulize aina sahihi ya gari yako maana baadhi zinataka AGM, ile betri ya asidi iliyofungwa isiyomwagika. Na jirani akikuomba umbustie gari yake ya petroli kwa gari yako, soma kitabu cha gari kwanza, nyingi zinakataza.

Bunduki ya chaja imegandia kwenye gari haitoki. Nimwagie maji ya moto? — Umeå, Sweden

Usimwage. Maji yataganda ndani zaidi. Washa joto la ndani ya gari dakika 20, fungua na ufunge gari kwa rimoti mara kadhaa ili kile kipini cha kufuli kicheze, kisha sukuma bunduki kwa ndani kidogo kabla ya kuvuta. Baadaye funika sehemu hiyo kwa kitambaa cha plastiki theluji ikinyesha.

Ndugu Fundi, kwema? Mimi ni mwalimu Makete. Nina sola paneli mbili, betri ya lithiamu LFP ya volti 12 ampea-saa 100, na inveta, vyote viko kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mwezi wa sita na wa saba jua linatoka vizuri saa 1 lakini betri haiingizi chaji mpaka saa 4. Usiku taa zinawaka bila shida. Fundi wa hapa anasema paneli zimechoka ninunue nyingine.

Kwema Mwalimu, na usinunue paneli. Paneli kwenye baridi inafanya vizuri zaidi, volti zake hata zinapanda, na hilo ulikumbuke siku ukitaka kuziunga kwa mfululizo, usije ukavuka volti za juu ambazo kontrola inaruhusu.

Ushahidi uko kwenye barua yako, usiku taa zinawaka. Betri ya LFP kutoa umeme inaweza mpaka huko -20, lakini kupokea chini ya sifuri hairuhusiwi, na ule ubao wa ulinzi ulio ndani yake unakata chaji, baadhi wameuweka ukate hata kwenye digrii 5. Mabati nayo usiku wa anga jeupe yanapoteza joto kwenda juu mpaka yanakuwa ya baridi kuliko hewa yenyewe, na kama betri iko kwenye sakafu ya saruji, nayo inanyonya joto. Kwa hiyo inakaa pale inasubiri kibanda kipate jua, saa 4 inafunguka.

Chukua kipimajoto cha kawaida, kibandike ubavuni mwa betri kwa utepe, kisome saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijagusa bati, kisha kila nusu saa mpaka chaji ianze. Kama betri yako ina Bluetooth soma joto lake moja kwa moja kwenye simu. Ukiona inaanza kuingiza palepale joto linapovuka 0 au 5, umepata jibu. Hamishia betri ndani ya nyumba, kwenye chumba ambacho watu wanalala au karibu na jiko panapobaki na joto, ipandishe juu ya ubao na kipande cha godoro chini yake, waya wa kwenda kwa inveta uwe mnene na mfupi, na fyuzi karibu na betri. Ikishindikana kuhama, itengenezee sanduku la mbao lenye sponji pande zote. Ila jiko la mkaa usiingize kibandani kuipasha, wala chumbani unapolala, moshi wake usioonekana unaua.

Ukishapima asubuhi tatu niandikie namba ulizopata, nataka kuziona.